Mechi ya Mahali Pakavu

Ukitaka kumshinda mtu anayekuzidi katika pool, jambo la kwanza ni kukubali kwamba anakuzidi. Linaonekana dogo, lakini nimeona wanaume wazima wakiacha fimbo mezani na kwenda nyumbani wakisema taa ilikuwa mbaya. Mimi nilikubali mapema. Jirani yangu wa sokoni alinizidi kwa mbali. Katika michezo kumi nilikuwa namshinda miwili, na nilipohesabu tena nikakumbuka kwamba mmoja kati ya hiyo miwili aliitwa na mteja akauacha katikati.

Alikuwa mama wa makamo, muuza viatu vya mitumba. Mimi niliuza suruali, za mitumba pia. Kabla ya viatu alikuwa amefanya kazi miaka minne nyuma ya kaunta ya baa moja Nanyuki, mji wa askari, ambako meza za pool zilifika mapema kuliko kwetu. Alisema hakufundishwa na mtu. Alikuwa anasimama tu akipangusa glasi na kutazama wanaume wakikosea, na miaka minne ilipoisha alikuwa ameyaona makosa yote yaliyopo. Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, pool ilipokuwa bado ngeni Nyeri na kila baa yenye chumba cha kutosha meza imeitafuta meza. Mvua ikifukuza wateja sokoni, wachuuzi wengi tulikuwa tunaenda kwenye baa moja ya mtaa wa Skuta kucheza kwa zamu. Akina mama wa kanisa walimsema jirani yangu kwa hilo. Yeye aliwajibu kwamba amesoma Biblia mara mbili na hajaona mahali fimbo ya pool imekatazwa, ila umbea ameuona.

Sisi wawili tulipanga bidhaa zetu upande wa chini wa soko, ubavu kwa ubavu. Soko lilikuwa kwenye mteremko, kama karibu kila kitu Nyeri, na maji yote ya juu yalipitia kwetu yakiutafuta mto. Hata Julai, wakati hakuna mvua ya kusema ni mvua, yale manyunyu na ukungu vilitutosha. Suruali ikilala na unyevu siku tatu inashika harufu, na mteja huinusa kabla ya kuuliza bei. Viatu vyake vya ngozi viliota kijani kwenye mishono. Tulikuwa tunavunda pamoja, kwa ujirani mwema.

Juu, karibu na lango, palikuwa na sehemu moja yenye paa zima na sakafu iliyoinuliwa. Ilikuwa ya mama mzee muuza ndizi kutoka Mukurweini. Mwaka huo magoti yake yalikataa safari, akarudi kwake kupumzika, na mahali pakabaki wazi.

Kwangu haikuwa habari ya starehe. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nimetupa robota zima la suruali lililooza nikiwa nalitazama. Kaka yangu mkubwa, aliyelima viazi Endarasha, alikuwa ameniletea ujumbe kwamba kipande cha shamba kinaningoja na jembe amelitia mpini mpya. Nilielewa. Msimu mmoja zaidi wa mvua upande wa chini na biashara ingekuwa imekwisha, nami ningekuwa Endarasha nikipalilia kwenye baridi ile, nikiitwa "kijana" na kaka yangu mpaka siku ya kuzikwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Kamati ya soko ilishindwa kuamua. Kawaida yao ilikuwa kwamba nafasi humwendea aliyekaa sokoni muda mrefu zaidi, na sisi tulikuwa tumeingia juma moja, miaka mitatu na miezi miwili nyuma. Mimi nilidai nilimtangulia kwa siku mbili. Yeye alisema hizo siku mbili nilikuwa nazungukazunguka tu na mikono mfukoni, sijatandika kitu, na ilikuwa kweli. Mtu akataja kura ya vikaratasi. Ikakataliwa, kwa sababu mara ya mwisho kikaratasi cha mshindi kilikunjwa tofauti na vingine, na mshindi alikuwa mpwa wa aliyekunja.

Aliyetaja pool alikuwa mwalimu mstaafu aliyeuza mbegu karibu na lango. Alisema kwa mzaha.

"Hawa wawili kila siku wako Skuta. Si wamalizane huko."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona mlango uko wazi.

"Mnakubali?" akauliza.

"Mimi sina shida," jirani akasema.

Na mimi, mbele ya soko zima, ningesema nini?

Kuna mpakiaji mizigo mmoja wa Karatina aliyekuwa na sifa ya kuwashinda watu ambao hakustahili kuwashinda. Aliwahi kuniambia kwamba mnyonge hashindi mezani, hushinda kabla ya kufika mezani. Nilimwelewa upesi, kwa sababu ndivyo suruali zinavyouzwa. Wakati ule kila mji ulikuwa na sheria zake za pool. Za Karatina hazikuwa za Nanyuki, na ndani ya Nyeri yenyewe kila baa ilikuwa na zake. Kwa hiyo desturi ilikuwa watu waelewane kabla ya kuanza. Kwa wengine jambo hilo lilichukua dakika moja. Letu lilichukua siku mbili, mwalimu akiwa mwamuzi, akiandika kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili.

Nilianzia mbali, kama inavyotakiwa.

"Nitolee mipira miwili," nikamwambia jirani. "Wewe anza na saba, mimi nianze na tano."

"Nikutolee na meno?"

"Basi mmoja."

"Jirani, hakuna. Omba kitu ingine."

Hicho kitu kingine ndicho nilichokuwa nataka tangu mwanzo. Niliomba mechi iwe moja tu, bila kurudia. Anayejua hupenda michezo mingi, kwa sababu bahati huchoka mapema na ujuzi hauchoki. Akakubali. Niliomba pigo la kwanza, lile la kutawanya mipira, liwe langu. Akakubali. Tukaelewana kwamba mtu akifanya kosa, mwenzake anapiga mara mbili, na hiyo ilikuwa sheria ya karibu kila mahali. Kisha nikafika kwenye jambo lililokuwa linaninyima usingizi. Nilikuwa nimesikia kaka yake atashuka kutoka Nanyuki kutazama, na ilisemekana huyo kaka alikuwa anamshinda hata dada yake.

"Mwalimu, andika. Mchezaji akimuuliza mtu wa nje chochote kuhusu mchezo, hilo ni kosa."

"Kuhusu mchezo," mwalimu akaandika.

"Ongeza meza. Meza, fimbo na mipira. Watu wako na akili siku hizi."

"Kwani unaogopa nani?" jirani akauliza.

"Mimi naogopa kila mtu, mama. Ndiyo maana bado niko."

Zilikuwa sheria tisa. Nilizihesabu mara ya pili zikawa kumi, kwa sababu mwalimu alikuwa amebana mbili kwenye mstari mmoja. Hiyo ya kuuliza ilikuwa ya saba kwa hesabu zote mbili.

Mwisho nikasema tuchezee baa ile ile ya Skuta. Alikubali kabla sijafunga mdomo. Hapo nilipaswa kushtuka. Mtu akikubali bei ya kwanza, kuna kitu anakijua. Lakini nilikuwa na furaha yangu ndani, na furaha huziba masikio.

Furaha yangu ilikuwa hii. Sakafu ya baa ile ilimwagwa saruji kwa kuinama kidogo kuelekea mlango wa nyuma, ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Meza ilisimama juu ya sakafu hiyo. Kwa hiyo meza nayo iliinama. Hakuna aliyejali, kwa kuwa tulikuwa tunacheza jioni, kwa kelele, na kila aliyekosa alikuwa na sababu yake. Mimi nilianza kwenda saa nne asubuhi, mama wa kudeki akiwa bado anamwaga maji, nikinunua soda moja ili nisionekane mwizi. Nilisukuma mpira mweupe, ule wa kupigia mingine, polepole, katikati ya meza, mara ishirini. Mara kumi na saba ulipinda kuelekea kona iliyokuwa karibu na kreti za soda. Nilirudia kuhesabu siku iliyofuata, nikapata kumi na sita, nikaridhika. Mpaka juma lilipoisha nilijua kila kitu. Mpira wa polepole wa kuvuka meza ulipaswa kulengwa upana wa kidole juu ya shimo. Wa karibu, nusu kidole. Nikafanya hivyo mpaka mkono ukazoea kukosea kwa makusudi.

Mengine ya kumshinda anayekuzidi nilikuwa nayo tayari. Usitawanye mipira kwa nguvu, kwa sababu uwanja ulio wazi ni wa fundi. Iache imesongamana, yeye ahangaike kuifungua. Usiwe na haraka ya kuingiza mipira yako. Kila mpira wako ulio mezani ni mtu wako aliyesimama njiani. Uweke mdomoni mwa shimo na uuache hapo kama mlinzi. Shimo hilo limefungwa kwake, na wewe utaingiza wakati wowote. Na uchukue muda. Paka chaki. Zunguka meza. Paka chaki tena. Fundi anachokiweza ni kupiga, kungoja hakufundishwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, manyunyu nje. Baa ilijaa watu wa soko, wengi wakiwa na chai, wachache na bia. Kaka wa Nanyuki hakuja. Nasikia alikuwa na homa. Mwalimu alikaa kwenye kiti kirefu cha kaunta na daftari lake. Mwenye baa alikuwa amevaa koti la suti. Alikuwa amebadilisha balbu juu ya meza, akapiga brashi kitambaa cha kijani mpaka kikasimama, na alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu anayeozesha binti.

Nilipiga pigo la kwanza kwa upole. Mipira ikajikuna kidogo, ikabaki kundi. Watu wakaguna.

"Hiyo ni kupiga ama kubembeleza?" muuza vitunguu mmoja akauliza.

"Nyamazeni," mwalimu akasema. "Sheria haijataja nguvu."

Jirani alipiga, akafungua kundi nusu, mmoja wa manjano ukaingia kwa bahati. Manjano yakawa yake, nyekundu zikawa zangu. Pigo lake lililofuata lilikuwa jepesi, mpira wa kusukuma tu kwenye kona. Aliinama, akapiga. Ukapita pembeni mwa shimo, upande wa juu, kwa upana wa kidole.

Hakuna aliyewahi kumwona akikosa ule.

Zamu yangu. Nilikuwa na nyekundu ya kuvuka meza, polepole, ile ile niliyoifanyia mazoezi mara mia. Nikalenga kidole kimoja juu. Ukaenda pale pale nilipoulenga, kidole kimoja juu, ukagonga ukingo ukarudi kunitazama.

Nikadhani mkono umetetemeka. Zamu iliyofuata nikaulenga vile vile, kwa utulivu zaidi, na ukakosa vile vile. Nikadhani ni balbu mpya. Nikadhani ni kile kitambaa kilichopigwa brashi. Nikaweka mlinzi mmoja mdomoni mwa shimo la kati kwa sababu nilikuwa nataka kuuingiza na haukuingia. Watu wakasema nina akili. Niliwaacha waseme.

Kilichonichanganya zaidi ni yeye. Alikosa tena. Kisha tena. Nilihesabu mapigo matatu mepesi aliyoyapoteza, yote kwa upande ule ule. Kichwani nilianza kutafuta maana. Je, ananionea huruma? Je, ananitega? Kuna wachuuzi hujifanya hawajui bei mpaka uwaonee huruma, halafu unakuta umenunua. Nikaanza kucheza dhidi ya mtego ambao sikuuona. Nilipiga kwa nguvu mahali pa upole na kwa upole mahali pa nguvu. Mpira mmoja niliokuwa nataka kuuficha ukaingia. Watu wakapiga meza kwa viganja. Nikapaka chaki kama mtu aliyekusudia.

"Leo nyinyi mmekunywa nini?" muuza vitunguu akauliza.

"Ati hawa ndio mafundi," mwingine akasema. "Hata mimi ningegombea hiyo mahali."

Mchezo uliendelea hivyo karibu saa nzima. Mipira iliyoingia ilikuwa ile iliyokuwa tayari mdomoni mwa mashimo, ambayo hata upepo ungeiingiza. Mwishowe nilibaki na nyekundu moja na ule mweusi, unaoingizwa mwisho na kumaliza mchezo. Yeye alibaki na manjano mbili na mweusi. Ilikuwa zamu yake. Nilikuwa nimesahau mkakati wote. Nilikuwa naomba Mungu tu, na hata kuomba nilikuwa sijui niombe nini.

Hakuinama. Alizunguka meza mara moja, akapiga goti, akaangalia chini, kwenye miguu ya meza. Kisha akasimama, akalaza fimbo, akamgeukia mwenye baa.

"Baba, hii meza umeifanya nini?"

Mwenye baa alikuwa akingoja swali hilo tangu asubuhi.

"Nimeinyoosha," akasema. "Nyinyi ni wageni wa heshima, si ningewaacha mcheze kwa meza imeinama? Nilimwita fundi wa mawe jana, akakuja na pima maji. Tumeweka mbao mbili hapo chini. Sasa hata uweke yai, halitembei."

Watu wakaanza kucheka, kwanza wachache. Jirani yangu akacheka pia, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mimi nimefanya mazoezi hapa wiki mzima," akasema, akiwaambia wote. "Kila siku saa mbili asubuhi, kabla ya kufungua. Ilikuwa inaelekea kwa kreti. Leo nalenga pembeni nikingoja ipinde. Haipindi."

Ndipo nilipoelewa. Mpaka leo naweza kukuonyesha mahali niliposimama. Yeye saa mbili, mimi saa nne. Mama wa kudeki alikuwa ametuona sote na hakusema kitu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Sisi wawili tulikuwa tumekuja na siri moja, na siri hiyo ilikuwa imekaliwa na mbao mbili.

Alikuwa amenigeukia. Aliinua nyusi kidogo, kama mtu aliyemaliza kusema lake na sasa anangoja mwenzake aseme la kwake. Watu nao wakanitazama. Palikuwa na nafasi hapo. Nimeipima baadaye mara nyingi. Ilikuwa ndefu ya kutosha mtu kusema, na mimi pia, mama, na mimi pia nililenga pembeni, tuanze upya.

Badala yake niliinua mkono.

"Mwalimu, sheria ya saba."

Mwalimu hakufungua daftari mara moja. Aliniangalia juu ya miwani.

"Una hakika?"

"Imeandikwa."

Akafungua, akasoma kwa sauti ya darasani. Mchezaji akimuuliza mtu wa nje chochote kuhusu mchezo, meza, fimbo au mipira, ni kosa.

"Lakini ameuliza mambo ya fundi wa mawe," muuza vitunguu akasema.

"Ameuliza meza," mwalimu akasema. "Meza imeandikwa hapa. Huyu wa suruali mwenyewe aliomba iandikwe." Akafunga daftari. "Mapigo mawili."

Jirani akaokota fimbo yake, akaisimamisha ukutani, akakaa kwenye kreti.

Nilipiga la kwanza. Nililenga moja kwa moja, bila kidole, bila nusu kidole. Nyekundu ikaingia kama mtu anayerudi kwake. Mpira mweupe ukatembea, ukasimama nyuma ya mweusi, na mbele ya mweusi kulikuwa na shimo wazi. Sikuwa nimeupanga hivyo. Nilipiga la pili. Ukaingia.

Nimewahi kuwaona watu wakishindana kwa soda na mshindi akabebwa. Siku hiyo mtu mmoja aliuliza kama chai bado ipo. Mwenyekiti wa kamati akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusema kwamba kuanzia Jumatatu mahali pale ni pangu. Mwenye baa, maskini, alikuwa ananipa mkono wa hongera huku akiangalia nyuso za watu kujua amekosea wapi.

"Si ni vizuri ilikuwa imenyooka?" akaniuliza.

Nikamwambia ilikuwa vizuri sana.

Nilimfuata mwalimu njiani. Nilikuwa nataka kusikia kwa mtu aliyesoma.

"Mwalimu, mimi nimeshinda, ama?"

"Kwa sheria umeshinda."

"Na bila sheria?"

"Bila sheria mngekuwa mnagonganisha mipira tu." Akatembea kidogo. "Ile daftari nitakuachia. Kuna kurasa nyingi hazijaandikwa."

Jumatatu nikahamia juu. Suruali zangu zilikauka mpaka zikawa ngumu. Wateja walisimama, wakashika kitambaa, wakaacha kunusa. Nilimpelekea kaka yangu ujumbe kwamba ampe mtu mwingine lile jembe. Kwa hesabu yoyote, nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitaka, na nilihesabu kila jioni. Ila hesabu haikuwa inafungika. Nilikuwa nikijiuliza kitu kimoja kwa njia nyingi. Kama angeendelea kunyamaza na kulenga moja kwa moja, angenimaliza kwa mapigo matatu. Alikuwa amegundua kabla yangu. Alikuwa amepiga goti na kuziona zile mbao. Jibu alikuwa nalo. Sasa mtu aliye na jibu anauliza nini?

Nilivumilia wiki tatu. Kisha siku moja asubuhi, soko likiwa bado tupu, nikashuka chini. Alikuwa anapiga viatu brashi, akiviweka kwa jozi.

"Jirani," akasema. Bado aliniita hivyo, ingawa sikuwa jirani tena.

"Mama, nikuulize kitu."

"Uliza. Hapa chini hakuna sheria ya saba."

Nikameza hiyo. "Ile siku ulikuwa umeshaona mbao. Kwa nini uliuliza?"

Alichagua kiatu kingine, akatia mkono ndani, akakipiga brashi kisigino.

"Nilikuwa nimekuona pia," akasema. "Ulikuwa unakosa kwa upande yangu. Hakuna mtu anakosa hivyo kama hajafanya mazoezi. Nikajua na wewe umekuwa ukienda huko asubuhi. Nikasema, wacha niulize kwa sauti, kila mtu ajue, tuanze tena na meza imenyooka, tucheze kama watu."

"Na sheria uliikumbuka?"

"Niliikumbuka. Nilikuwa hapo ukiiandikisha."

"Sasa?"

"Sasa nilidhani utaniambia, mama, wacha hiyo."

Nimebishana maisha yangu yote. Nimewahi kumfanya mtu anunue suruali aliyokuja kuirudisha. Nilitafuta neno la kusema na kila nililolipata lilikuwa la kupunguza bei.

"Tucheze tena," nikasema mwishowe. "Mechi ingine. Ukishinda upande juu, mimi nishuke."

"Kamati imeandika."

"Tutawaambia wafute."

"Jirani, mimi nimechoka na pool." Hakusema kwa hasira, ingekuwa afadhali hasira. "Wewe kaa huko juu. Uko na watoto wawili shule. Mimi wangu wamemaliza. Nilikuwa nataka tu kujua."

"Kujua nini?"

Matone yalikuwa yameanza, yale makubwa ya kwanza yanayoanguka moja moja kabla ya mvua kuamua. Mvua za msimu zilikuwa zimefika mapema mwaka huo. Alisimama, akavuta kutoka chini ya meza karatasi ya nailoni nzito, ndefu kuliko yeye mara tatu, akaanza kuikunjua upande mmoja huku upande mwingine ukirushwa na upepo.

Juu kwangu nilikuwa nimeacha suruali arobaini na moja zimetandazwa, hakuna mtu wa kuzitazama. Paa lilikuwa zima, lakini lango lilikuwa wazi na watu walikuwa wameanza kukimbilia hapo kujikinga. Niliziona kwa macho ya akili, nikazihesabu, nikataka kwenda kuzihesabu tena.

Nikashika upande wa nailoni uliokuwa unapeperuka.

"Vuta huko chini," akasema, akifunga kwake kwa kamba. "Zaidi. Viatu ya mwisho bado iko nje."

Nikavuta.